Sensa ya gesi siyo lazima ikae juu

Mafundi wengi bado wanaamini sensa ya gesi, kile kifaa cha kunusa gesi ikivuja, lazima ifungwe juu karibu na dari, eti gesi yoyote inapanda. Inategemea ni gesi gani bana. Gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara karibu yote ni methani, nyepesi kuliko hewa, hapo juu sawa. Ila gesi ya mitungi, propani na butani, uzito wake ni kama mara 1.5 hadi 2 ya hewa, ikivuja inatambaa chini inajaa kwenye mitaro na mashimo, sasa sensa iko darini itanusa nini? Ifunge kama sentimita 30 toka sakafuni, waya uupinde chini kidogo kabla haujaingia kwenye sensa ili maji yadondoke yasiingie ndani, na kuijaribu tumia gesi maalum ya kupimia, siyo kiberiti cha gesi, kinaweza kuiua kabisa.