Je, wajua kwa nini Superman hakuweza kupaa alipoanza?

Kiswahili kina neno moja, kuruka, kwa mambo mawili ambayo katika hadithi ya Superman yalipishana kwa miaka kadhaa. Panzi huruka, na mwewe naye huruka. Lakini panzi akishatoka ardhini hana tena la kuamua, ataangukia pale mruko wake utakapomfikisha, ilhali mwewe anaweza kugeuka, kuelea na kurudi alikotoka. Superman wa kwanza, yule aliyetokea mwaka 1938 katika toleo namba 1 la jarida la katuni la Action Comics, aliruka kama panzi. Kuruka kama mwewe alikuja kujifunza baadaye, na katika kufundishwa huko redio na sinema zilikuwa na mkono mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ukurasa wa kwanza wa jarida hilo, lililouzwa kwa senti 10 za Kimarekani, unamaliza habari ya asili yake kwa picha chache tu. Sayari ya mbali, ambayo haitajwi jina, inaangamia kwa uzee. Mwanasayansi mmoja anamweka mwanawe mchanga ndani ya chombo na kukirusha kuelekea duniani, ambako mwenye gari anayepita njiani anakiona na kumpeleka mtoto kwenye makao ya yatima. Katika picha moja mtoto huyo, akiwa bado hajajua hata kuzungumza, amenyanyua kiti kikubwa juu ya kichwa chake huku wahudumu wakimkodolea macho. Alipokua akagundua kwamba anaweza kuruka umbali wa thumni ya maili, yaani takriban mita 200. Kuvuka jengo la ghorofa 20. Kunyanyua mizigo ya kutisha. Kukimbia kuishinda treni ya mwendo kasi. Na kwamba ngozi yake haipenyeki kwa kitu chochote kilicho hafifu kuliko kombora linalopasuka. Orodha inaishia hapo. Macho yanayoona kupitia ukutani, miale ya moto na pumzi ya barafu havimo, na kupaa hakumo.

Jambo linalonivutia zaidi katika ukurasa huo ni kwamba waandishi hawakutaka msomaji aamini hivi hivi tu. Waliweka chini yake maelezo ya kisayansi: viumbe wa sayari ile walikuwa wametangulia mbele yetu kwa mamilioni ya miaka katika maumbile ya mwili, na hata hapa duniani sisimizi hubeba mzigo unaozidi uzito wake mara nyingi sana, na panzi huruka umbali ambao kwa mwanadamu ungekuwa sawa na kuvuka mitaa kadhaa. Kwa maneno mengine, Superman alikuwa sisimizi na panzi waliokuzwa hadi kimo cha mtu.

Hoja hiyo inapendeza, lakini haisimami, na sababu yake ilikwisha kuelezwa na Galileo katika kitabu chake cha mwaka 1638. Mchukue sisimizi mwenye urefu wa milimita 5 na umkuze mara 300, awe na urefu wa mita moja na nusu. Nguvu za misuli yake hufuata unene wa misuli hiyo, kwa hiyo zitaongezeka mara 300 kwa 300, yaani mara 90,000. Uzito wake hufuata ujazo wa mwili mzima, nao utaongezeka mara 300 kwa 300 kwa 300, yaani mara milioni 27. Uzito umezikimbia nguvu kwa mara 300, na sisimizi aliyekuwa akibeba mara 50 ya uzito wake sasa hawezi hata kujinyanyua mwenyewe. Mruko wa Superman nao una gharama yake: ili mtu atue mita 200 mbele, ni lazima miguu yake imtoe ardhini kwa kasi inayokaribia kilomita 160 kwa saa, hata tukiuacha kando upinzani wa hewa. Pengine ndiyo maana mwaka 1939 ikaongezwa hoja nyingine, kwamba dunia yetu ni ndogo kuliko sayari yake na mvutano wake ni hafifu, jambo linaloisaidia misuli yake. Mwaka huohuo sayari ile ikapewa jina, Krypton, ambalo pia ni jina la gesi iliyogunduliwa mwaka 1898 na asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kilichofichika.

Waliombuni, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, walizaliwa wote mwaka 1914 katika familia za wahamiaji wa Kiyahudi, wakakutana shuleni mjini Cleveland, Ohio. Mwaka 1932 baba yake Siegel, aliyekuwa na duka la nguo, alifariki dunia wakati wa tukio la wizi dukani humo, na wapo wachambuzi wanaouhusisha msiba huo na wazo la mtu ambaye risasi hazimdhuru. Mashujaa hawa wawili wa kalamu waliishi katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na Superman wao anapambana na maovu ya miaka hiyo. Katika hadithi za mwanzo anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila hatia, anamwadhibu mume anayempiga mkewe, anamtia adabu tajiri wa mgodi usio na usalama, na anabomoa mtaa wa mabanda ili serikali ilazimike kuwajengea wakazi nyumba bora. Kwa kazi za namna hiyo, mruko wa mita 200 ulitosha kabisa, kwa kuwa adui alikuwa mtaa wa pili.

Lakini Superman hakukaa mikononi mwao. Mwezi Machi 1938 walikwisha kuuza haki zake kwa dola 130, na jinsi umaarufu ulivyozidi ndivyo wengine walivyozidi kumwongezea mambo. Tarehe 12 Februari 1940 ikaanza michezo yake ya redio, ambapo sauti yake ilikuwa ya Bud Collyer. Redioni hakuna picha, na mruko ni tukio la nukta moja ambalo sikio haliwezi kulifuata. Mtu anayepaa, kinyume chake, anaweza kusikika: anatamka maneno yake ya kuondoka, mvumo wa upepo unafuata, na msikilizaji anajua kwamba shujaa yuko angani na anaendelea na safari. Redio hiyohiyo ndiyo iliyoleta kriptonaiti, jiwe linalomdhoofisha, mwaka 1943, miaka sita kabla halijaingia katika vitabu vya katuni.

Mwezi Septemba 1941 ikatoka ya kwanza kati ya filamu fupi 17 za katuni, iliyotengenezwa na studio ya Fleischer. Inasimuliwa kwamba watengenezaji walipoona Superman akichupa na kutua, akichupa tena na kutua tena, waliona havutii machoni, wakaomba aruhusiwe kupaa. Katika picha iliyotulia juu ya karatasi, mtu aliye katikati ya mruko na mtu anayepaa wanafanana. Picha inapotembea, tofauti haifichiki. Wachoraji wa vitabu nao wakafuata polepole.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta sababu, kwa kuwa mvutano hafifu unaweza kueleza mruko mrefu lakini hauwezi kueleza namna ya kugeuka hewani. Jibu linalojulikana na wengi leo, kwamba nguvu zake hutokana na jua letu la manjano kwa kuwa jua la Krypton lilikuwa jekundu, liliingia katika hadithi mwaka 1960, yaani shujaa alikuwa amepaa kwa karibu miaka 20 kabla ya kupewa sababu ya kupaa.

Alama ya zamani haikufutika yote. Utangulizi mashuhuri wa filamu zile za 1941, uliotumika pia katika mfululizo wa televisheni wa miaka ya 1952 hadi 1958, ulimsifu kwamba ana kasi kuliko risasi, ana nguvu kuliko garimoshi, na anaweza kuvuka majengo marefu kwa mruko mmoja. Watazamaji waliyasikia maneno hayo kila kipindi, kisha wakamwona akipaa juu ya majengo hayohayo bila kutua.