Sunderland: klabu ya waunda meli na uwanja wake juu ya mgodi

Wapenzi wa soka wa Tanzania wa rika la wazee wetu wanalijua jina la Sunderland kwa sababu Simba ndivyo ilivyoitwa kabla ya mwaka 1971, na ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa, wa mwaka 1965, iliutwaa ikiwa na jina hilo. Klabu yenyewe ya Uingereza, iliyoko kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo pale mto Wear unapoingia baharini, huzungumzwa kwetu kwa nadra. Mimi ninayeandika historia ya viwanja vya michezo naiweka juu kabisa katika orodha yangu, kwa kuwa sijui klabu nyingine ambayo uwanja wake umefungamana na kazi ya watu wa mji wake kwa kiwango hicho.

Klabu ilianzishwa mwaka 1879 na walimu wa shule, akiwamo Mskoti James Allan, na mwanzoni walimu pekee ndio walioruhusiwa kuichezea. Mwaka uliofuata watu wengine wakakubaliwa, na baadaye matajiri wa mji, mmoja wao akiwa muunda meli Robert Thompson, wakatoa fedha za kuwaleta wachezaji hodari kutoka Scotland. Matokeo yake yalionekana haraka: Sunderland iliingia katika Ligi mwaka 1890, ikawa bingwa mwaka 1892, 1893 na 1895, kisha 1902, 1913 na 1936, na haikushuka daraja hata mara moja hadi mwaka 1958.

Sehemu kubwa ya sifa hizo ilipatikana Roker Park, uwanja uliofunguliwa mwaka 1898 katika mtaa wa makazi karibu na ufuko wa bahari. Jukwaa kuu la mwaka 1929 lilibuniwa na Archibald Leitch, mhandisi Mskoti aliyejenga majukwaa ya klabu nyingi za Uingereza, na alama yake iliwekwa wazi pale kila mtu aione: ukingo wa ghorofa ya juu ulikuwa wa vyuma vilivyopishana mshazari, herufi X ikifuata nyingine kutoka mwanzo wa jukwaa hadi mwisho wake. Machi 8, 1933, siku ya Jumatano, watu 75,118 walijazana humo kutazama mechi ya Kombe la FA dhidi ya Derby County, wengi wao wakiwa wamesimama. Mwaka 1966 uwanja huo ulipokea mechi za Kombe la Dunia, ikiwamo robo fainali ambayo Umoja wa Kisovyeti uliifunga Hungary 2-1.

Mwaka 1973, ikiwa daraja la pili, Sunderland iliifunga Leeds United 1-0 katika fainali ya Kombe la FA. Mfungaji alikuwa Ian Porterfield, yuleyule aliyeifundisha Zambia baada ya ajali ya ndege ya mwaka 1993 na kuifikisha fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka uliofuata. Lakini hata bao hilo lisingefaa kitu kama kipa Jim Montgomery asingeokoa kichwa cha Trevor Cherry, akainuka mara moja na kulisukumia kwenye mwamba wa juu wa goli shuti la Peter Lorimer lililopigwa kutoka karibu kabisa.

Kuhama kutoka Roker Park kulitokana na msiba wa uwanja wa Hillsborough wa mwaka 1989, uliogharimu maisha ya mashabiki 97 wa Liverpool waliobanwa kwenye jukwaa la kusimama. Ripoti ya Jaji Taylor ilizitaka klabu za madaraja ya juu ziwe na viti kwa kila mtazamaji, na Roker Park, uliobanwa na nyumba pande zote, haukuwa na pa kupanukia. Wakati huohuo mji wenyewe ulikuwa ukipoteza riziki. Viwanda vya kuunda meli vilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na Desemba 1993 ukafungwa mgodi wa Monkwearmouth, wa mwisho katika eneo la makaa ya mawe la Durham, ambao ulianza kuchimbwa mwaka 1826 na njia zake zikaenda maili kadhaa chini ya Bahari ya Kaskazini.

Klabu ikachagua kujenga hapohapo mgodini, ukingoni mwa mto. Uwanja ulipewa jina la Stadium of Light kwa kuwakumbuka wachimbaji na taa zao, na nje yake imesimamishwa sanamu kubwa ya taa ya Davy, taa ya usalama ya wachimbaji iliyobuniwa na mwanasayansi Humphry Davy. Taa hiyo ya mwaka 1815 iliuzungushia mwali wavu wa nyaya nyembamba: wavu ulifyonza joto, kwa hiyo mwali haukuweza kutoka nje na kulipua gesi ya mgodini, nao mchimbaji aliweza kuitambua hatari kwa kuona mwali ukirefuka na kupata ukungu wa buluu juu yake. Ningependa wageni waelezwe pia habari za daktari William Clanny, mkazi wa Sunderland, aliyetengeneza taa ya usalama mwaka 1813, kabla ya Davy, yenye mivukuto iliyosukuma hewa kupitia majini. Ilikuwa nzito mno kwa kazi ya kila siku, lakini jitihada zilianzia katika mji huo.

Roker Park uliagwa Mei 13, 1997 kwa mechi dhidi ya Liverpool, kisha nahodha wa zamani Charlie Hurley akachimbua nyasi za katikati ya uwanja ili zipelekwe makao mapya. Baadhi ya vyuma vya Leitch navyo vilihifadhiwa, na sasa vipo kwenye maegesho ya magari ya uwanja mpya. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Ajax, Julai 30, iliisha bila bao.

Uwanja ulianza na viti takribani 42,000, na mwaka 2000 ukaongezwa hadi karibu 49,000. Wapo waliouona mkubwa kupita kiasi timu iliposhuka mwaka 2017, ikashuka tena mwaka 2018 hadi daraja la tatu. Mimi siungani nao, kwa kuwa Desemba 26, 2018, katika daraja hilohilo la tatu, watazamaji 46,039 walikuja kuiona ikicheza na Bradford City. Timu ilipanda mwaka 2022, na Mei 2025 Wembley ikaifunga Sheffield United 2-1 katika fainali ya mchujo, kwa bao la dakika za nyongeza la kijana Tom Watson, na kurejea Ligi Kuu baada ya miaka minane.