Majaribio ya sheli: wingi wa machaguo si wingi wa habari

Chumba chetu kipo juu ya duka la vipuri, karibu na stendi ya Moshi mjini. Skripti zetu za Bash (sheli, yaani programu inayopokea amri na kuziendesha) hugeuza kilo za kahawa ya wakulima kuwa shilingi, na majaribio yake yalikuwa na machaguo sita ya kuonyesha matokeo: kimya, fupi, ndefu, rangi, logi, na moja ambalo hakuna aliyekumbuka kazi yake.

Dhana: machaguo mengi humrahisishia mtumiaji.
Swichi sita za kuwasha na kuzima zinazaa michanganyiko 64. Nani ameijaribu yote? Kwetu, rangi na logi zikiwashwa pamoja, faili lilijaa takataka za aina ya `[31m`, yaani alama za rangi.

Dhana: ukiona `ok` nyingi, kazi imepita.
Hapa ndipo tulipoumia. Sheli haisomi maneno, inaangalia namba ambayo programu inaiacha ikimaliza: 0 ni salama, nyingine yoyote ni kosa. Sisi tuliandika `./majaribio.sh | tee logi.txt`, na Bash kwa kawaida huchukua namba ya amri ya mwisho kwenye mnyororo unaounganishwa kwa `|`, yaani bomba. Amri hiyo ni `tee`, ambayo kazi yake ni kunakili tu, haijui makato ya mkulima yamekosewa. Kijana wetu mmoja ndiye aliyeshtuka: "Kaka, mbona `not ok` ipo humu na mashine imetoa kijani?" Dawa ni mstari mmoja, `set -o pipefail`: amri yoyote ya mnyororo ikishindwa, mnyororo wote unahesabiwa kosa. Tulikuwa tumekesha tukiongeza rangi.

Dhana: kumwaga kila kitu kwenye skrini ndiyo usalama.
Mtindo wa TAP wa kuandika matokeo ya majaribio, uliozaliwa na lugha ya programu ya Perl mwaka 1987, una mistari michache: `1..N` hutaja idadi, kisha `ok` au `not ok`. Maneno ya amri zenyewe yakiingia njia hiyohiyo, programu ya kusoma TAP kama `prove` inaweza kuyachanganya na matokeo. Ndiyo maana majaribio ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, yana `--verbose-log`: porojo zote zinakwenda kwenye faili, njia inabaki safi.

Dhana: mtu na mashine lazima wawe na chaguo lao kila mmoja.
`[ -t 1 ]` inatosha kujua kama matokeo yanakwenda kwenye terminali. Bats, chombo cha kujaribu skripti za Bash, nayo hutofautisha hivyo: mtu anapata alama za vema, bomba linapata TAP.

Tumebakiza logi na kimya. Lile la sita tulilifuta, na hadi leo hakuna aliyeliulizia.