Nyonga mpya haitaki kitanda

“Dokta, sisi nyumbani tumekubaliana mama asikanyage mpaka miezi mitatu iishe.”

Wiki hii nimeambiwa tena, na mtoto wa mama aliyebadilishwa nyonga, yaani aliyewekewa kiungo bandia. Mtoto huyo amekwisha kununua godoro jipya na kumtafuta binti wa kumlisha mama kitandani. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nipo Dar es Salaam, na wagonjwa wangu wengi ni wa nyonga na magoti. Nimechoka kulijibu hili kitanda kwa kitanda, kwa hiyo naliandika.

Najua imani hii ilikotoka. Mtu akivunjika paja, kwa miaka mingi tiba ilikuwa kufungiwa uzito mguuni na kulala wiki kadhaa mguu ukivutwa ili mfupa uunge. Kila ukoo una mjomba aliyelala hivyo, na sehemu nyingi bado wanalala hivyo. Mfupa uliovunjika una muda wake wa kuunga, hauharakishwi. Lakini aliyebadilishwa nyonga hana mfupa unaosubiriwa. Daktari amekikata kichwa cha paja na kukitoa, amechonga kikombe cha nyonga na kukipachika kingine chenye bitana ya plastiki ngumu, kisha ameshindilia shina la chuma ndani ya paja na kuliwekea tufe la chuma au kauri juu yake. Saruji ya mifupa, kama imetumika, inakauka mgonjwa akiwa bado mezani. Isipotumika, shina limekwisha kubana kwa kushindiliwa, na mfupa utaendelea kulishika kwa wiki na miezi huku mwenyewe anatembea. Kwa walio wengi, mguu unakanyagwa siku ile ile au kesho yake.

Wapo wanaozuiwa. Pengine paja lilipata ufa wakati wa kushindilia shina, au ni upasuaji wa marudio na kuna mfupa uliopandikizwa. Hao huandikiwa kwenye faili. Basi swali la kumuuliza daktari aliyepasua ni hili: mfupa umeungwa, au kiungo kimebadilishwa? Bibi aliyeanguka bafuni na kuvunjika shingo ya paja anaweza kupigwa skrubu, kubadilishiwa tufe peke yake, au kubadilishiwa nyonga nzima. Mtaani zote tatu zinaitwa “operesheni ya nyonga”, na masharti ya yule wa skrubu yanabebwa mzima mzima kupelekwa kwa mwingine ambaye hayamhusu.

Mgonjwa akibaki amelala tu, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, na bonge likikatika likafika mapafuni linaweza kuua. Zile sindano za tumboni au vidonge mnavyopewa ni vya kuzuia hilo, kwa wengine hadi siku 35. Inanikera sana dozi ikikatishwa eti kidonda kimekauka. Kidonda na dozi hii havihusiani. Na misuli ya pembeni ya nyonga, iliyokwisha kudhoofika kwa miaka ya kuchechemea, inazidi kunyong’onyea kila siku mgonjwa anapobaki amelala.

Mengine kwa haraka. Ganzi mara nyingi ni ya mgongoni. Maumivu ya kidonda yapo, ila yale ya zamani ya ndani ya kinena wengi huamka hawayasikii. Mguu utavimba, na paja linaweza kuvilia damu mpaka gotini, msishtuke. Nyuzi hutoka baada ya wiki 2 hivi. Mnaanza na fremu ya kutembelea, mnakwenda kwenye magongo, kisha fimbo.

Fimbo inashikwa mkono wa upande usiopasuliwa. Karibu kila mgonjwa anaingia kliniki ameishika upande uliopasuliwa, kwa kuwa ndiko anakouma, na ndugu aliyemsindikiza amemwelekeza hivyo. Ukisimamia mguu uliopasuliwa, kiuno kinataka kudondokea upande wa pili, na misuli dhaifu ndiyo inayokizuia. Fimbo ikiwa upande huo wa pili inakibeba kiuno pale pale kinapodondokea, na nyonga inapumua. Ukiihamisha, mwili unaliegemea lile lile eneo lenye shida na kuchechemea kunakuwa tabia.

Kinachostahili woga wenu ni kuchuchumaa, kwa kuwa nyonga inaweza kuchomoka, na hicho hamniulizi. Kama daktari alipitia nyuma ya nyonga, wiki 6 hadi 12 za mwanzo paja lisikunjwe kupita pembe mraba, miguu isipishanishwe, vidole visigeukie ndani. Kwetu maana yake ni choo cha shimo, kigoda cha jikoni, mkeka, na siti ya chini ya gari dogo. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu la choo kinafaa, mradi miguu yake haitelezi. Sala iwe kwenye kiti kwanza.

Nikiri kwamba masharti haya tunayafundisha kwa ukali kuliko ushahidi wake. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa waliowekewa masharti na wasiowekewa hazikuonyesha tofauti kubwa ya nyonga kuchomoka, na hospitali kadhaa za Ulaya zimeyalegeza. Lakini wale wanarudi kwenye vyoo vya kukaa na vitanda virefu. Kwa mgonjwa wangu anayechuchumaa asubuhi na jioni sithubutu kulegeza. Jambo jingine lisilosemwa sana katika fani yetu: mazoezi ya nyumbani yakifuatwa vizuri huleta matokeo yanayokaribiana sana na ya kuja kliniki kila wiki. Kama nauli ndiyo inayokuzuia, sema, nikuandikie ya nyumbani.

Kwa vijana wa selimundu, ambao nyonga zao hufa mapema kwa kukosa damu, swali ni nyonga ya bandia itadumu miaka mingapi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa nyonga kama 58 katika kila 100 hufikisha miaka 25. Mwenye miaka 28 ajue huenda atapasuliwa tena maishani. Hilo halimfanyi avumilie kutolala usiku mpaka afike 60, kama anavyoshauriwa na watu wasioumwa.

Kuchua kwa mafuta na kukanda kwa maji ya moto juu ya nyonga iliyopasuliwa, hapana. Na mrudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, mkiona kidonda kinaanza kutoa usaha au maji upya, homa inapanda, shavu la mguu limevimba na kuuma, au pumzi inabana ghafla. Nyonga ikichomoka, mguu hufupika na kugeuka, na mgonjwa hawezi kuukanyaga. Asiwepo wa kuuvuta nyumbani. Mlazeni kama alivyo, mleteni, na msimpe chakula njiani, kwa sababu huenda akahitaji nusu kaputi ili irudishwe.