Kocha wa chuo kidogo hajafeli: tuweke sawa habari za John Gagliardi

Kila ikitajwa futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na vikumbo, kuna maneno huwa nayasikia na yananikera kwa sababu yanamfuta kabisa mtu kama John Gagliardi.

La kwanza, eti kocha akibaki chuo kidogo ujue huko kukubwa hawezi. Jamani. Gagliardi aliingia Saint John's University, chuo cha Kikatoliki pale Collegeville, Minnesota, mwaka 1953, akatoka 2012 akiwa na miaka 86, yaani misimu 60 sehemu moja, na ukijumlisha na ile minne aliyofundisha Carroll College kule Montana unapata ushindi 489, kufungwa 138 na sare 11. Ushindi mwingi kuliko kocha yeyote wa futiboli ya vyuo, na hapo nahesabu na vile vyuo vikubwa vyenye viwanja vya watu laki moja.

Eti wachezaji wananunuliwa kwa skolashipu. Saint John's ipo Divisheni ya Tatu, ngazi ya michezo ya vyuo ambayo haitoi skolashipu za michezo kabisa. Kijana anakuja kusoma, ada inamhusu kama wenzake, kwa hiyo kocha hana cha kumvutia zaidi ya chuo chenyewe na jinsi atakavyoishi naye. Na kocha mwenyewe anapewa na kazi nyingine, Gagliardi kuna miaka alifundisha mpaka timu ya hoki.

Sasa hii ndo kubwa: eti bila ukali hakuna timu. Watu wanaamini kocha lazima apige makelele, akimbize vijana mpaka watapike, awanyime maji ili wakomae. Gagliardi alianza ukocha 1943 kule Trinidad, Colorado, akiwa na miaka 16, kocha wao kachukuliwa jeshini wakati wa vita na shule inataka kuifuta timu, yeye akaomba aiongoze, na kitu cha kwanza akafuta yale yote aliyokuwa anayachukia kama mchezaji. Kukimbizwa mizunguko hakuna, maji kunywa ukisikia kiu. Huko Saint John's akaendelea hivyohivyo: hakuna filimbi, hakuna kuangushana mazoezini, mazoezi hayazidi dakika 90, na hakuna kumwita kocha, mwite John.

Watu wakisikia hivyo wanadhani alikuwa analea watoto. Hapana, muda wote ule walikuwa wanarudia mipango ya uwanjani mpaka kila mtu anajua akae wapi na aende wapi, na mchezaji ambaye hajaumizwa na mwenzake Jumanne, Jumamosi yupo fiti. Mimi naona hiyo ni akili kubwa sana, na miili ya vijana ilipona mengi. Chuo cha Dartmouth chini ya kocha Buddy Teevens walikuja kuacha kuangushana mazoezini mwaka 2010, na hapo mzee Gagliardi alishafanya hivyo miaka na miaka.

Na eti mzee akifika umri fulani anabebwa na jina tu. Ubingwa wa taifa aliuchukua 1963, 1965, 1976 na 2003. Huo wa mwisho alikuwa na miaka 77, msimu uleule aliompita kocha Eddie Robinson wa chuo cha Grambling aliyekuwa na rekodi ya ushindi 408, na fainali akawafunga chuo cha Mount Union 24-6, timu iliyokuwa imeshinda mechi 55 mfululizo.