Kanuni ya Chatham House: maneno chukua, jina acha

Ukialikwa kwenye kikao cha mabalozi, wahisani au watafiti, iwe London au Nairobi, huenda mwenyekiti akafungua kwa kusema, "Leo tunakwenda kwa kanuni ya Chatham House." Wengi hutikisa kichwa wakidhani wameambiwa kikao ni siri. Sivyo.

Uliyoyasikia unaruhusiwa kuyatumia, kuyaandika, hata kuyatangaza. Usichoruhusiwa ni kumtaja aliyesema, taasisi anayotoka, wala mwingine yeyote aliyekuwemo. Ni kama yule jirani anayekwambia, "Habari ndiyo hiyo, lakini mimi sijasema."

Watu huteleza kwenye taasisi. Tuseme mezani mko kumi na wawili, na wa Wizara ya Fedha ni mmoja tu. Ukiandika "ofisa mmoja wa Hazina alikiri kwamba bajeti haitoshi," jina hukulitaja, ila kanuni umeshaivunja. Ungeandika "mshiriki mmoja alikiri" ungekuwa salama. Orodha ya waliohudhuria nayo haitoki nje.

Jina limetokana na jumba lililoko St James's Square, London, alilowahi kuishi William Pitt, waziri mkuu aliyepewa cheo cha Earl wa Chatham. Humo ndimo ilimo taasisi ya mambo ya kimataifa iliyoanzishwa 1920. Kanuni iliandikwa 1927, ikarekebishwa 1992 na 2002. Ni moja tu, kwa hiyo sema "kanuni ya", si "kanuni za". Wala si sheria ya nchi: atakayeivunja hapelekwi mahakamani, ila mwaliko mwingine asiutegemee.

Sasa mtu atauliza, Uingereza si ndiko watu husema watakalo? Ndiyo, kwa kiasi. Kwenye bustani ya Hyde Park, London, kuna kona ambako yeyote husimama akahutubia wapita njia. Wabunge, tangu 1689, hawashtakiwi kwa wanayoyasema bungeni. Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998 inalinda uhuru wa kujieleza, lakini kwa masharti. Mwaka 2010 kijana mmoja, baada ya theluji kufunga uwanja wa ndege aliotaka kusafiria, aliandika Twitter kwa utani kwamba ataulipua. Akatiwa hatiani kwa sheria ya mawasiliano ya 2003, kazi ikapotea, na Mahakama Kuu ilikuja kuifuta hukumu hiyo 2012.

Wanaoketi St James's Square hawaogopi polisi. Wanaogopa kichwa cha habari cha kesho, na bosi atakayekisoma. Ndiyo maana ofisa anayeisifu sera hadharani huweza kusema humo ndani kwamba haifanyi kazi, na wenzake wakajifunza kitu. Faida hiyo naiona. Kinachonikera ni kwamba nafasi hii ya kusema bila kuulizwa huwaangukia zaidi wenye vyeo, ambao ndio hasa wanaopaswa kuulizwa.

Waandishi wa habari wana njia yao. Kikao kikiahirishwa kwa chai, utamwona mmoja anamfuata msemaji pembeni, kikombe mkononi: "Ile kauli yako ya mwisho, naweza kukunukuu kwa jina?" Akikubali, inaandikwa. Akitabasamu tu na kugeukia sambusa, itabaki "mshiriki mmoja".