Jani la kijani, muhogo umeoza: kwanini tunahangaika na RNA

Kila mwaka kwenye banda letu la Nane Nane lazima atokee mkulima kashika muhogo kaufunga kwenye gazeti, anaufungua pale mezani anauvunja mbele yetu, ndani kuna mabaka ya kahawia makavu, magumu kama kizibo, alafu anauliza swali lilelile la mwaka jana na mwaka juzi: jamani, mbona majani yalikuwa mazuri tu?

Pale bandani watu wanakuwa wengi na jibu la dakika mbili halitoshi, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu. Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya baiolojia ya molekuli hapa Dar, na kazi yangu kubwa kwa miaka sasa ni kutoa RNA kwenye majani ya muhogo na kuangalia kama kuna kirusi kimejificha humo ndani.

Huo ugonjwa unaitwa michirizi ya kahawia, wengi mnauchanganya na batobato ila ni vitu viwili tofauti kabisa. Batobato unaiona ukiwa bado barabarani, jani linajikunja, lina madoa ya njano, mmea umedumaa, hata mtoto atakwambia huu unaumwa. Michirizi haina kelele hivo. Inaweka njano kidogo kandokando ya mishipa ya yale majani ya chini yaliyokomaa, na majani hayo ndo ya kwanza kudondoka, yaani ushahidi unajiondokea wenyewe, huku juu kunabaki kijani kizuri kabisa, mkulima anakata pingili kwenye shina hilohilo anampa jirani, anampa shemeji yake wa kijiji cha pili, anamuuzia mtu mwenye pikapu anapeleka wilaya nyingine, na kirusi kimesafiri bila nauli. Inzi weupe nao wanakibeba, lakini hawakai nacho muda mrefu na hawakifikishi mbali, anayekifikisha mbali ni binadamu na mzigo wake wa vipando.

Sasa RNA ni nini. Chukulia nyumba ina daftari moja kubwa la mapishi yote ya ukoo, limefungiwa kabatini, halitoki, hiyo ndo DNA. Mama akitaka kitu cha leo hampi mtoto daftari lote, anachana kikaratasi anaandika sukari nusu, chumvi pakiti moja, mtoto anakimbia nacho dukani na kikishatumika kinatupwa. Kikaratasi hicho ndo RNA, au tuseme aina moja ya RNA ile inayobeba ujumbe, maana zipo nyingine nyingi zenye kazi zake. Imeandikwa kwa herufi 4 tu, A, U, G na C, na ndani ya seli kuna mitambo midogo inaitwa ribosomu inayosoma hizo herufi na kutengeneza protini. Tangu kipindi cha korona hili neno limekuwa likitisha watu, nimeshasikia mtu anasema RNA ni kemikali ya kiwandani. Hapana. Kila kilicho hai kina RNA, ukila kisamvu umekula RNA ya muhogo, na tumbo linaivunjavunja kama linavyofanya kwa vyakula vingine.

Kirusi cha michirizi ya kahawia (kiukweli ni viwili vinavyofanana sana, na mara nyingine unavikuta vyote kwenye mmea mmoja) hakina daftari kabisa. Chenyewe ni kikaratasi tu, RNA moja ndefu ya herufi kama 9,000 hivi. Kikiingia kwenye seli ya muhogo hakibishi hodi kabatini, kinajipenyeza moja kwa moja jikoni kinajiweka kati ya vikaratasi vingine, na ribosomu za muhogo masikini haziulizi nani kaandika, zinasoma zinatengeneza, inatoka protini moja ndefu ambayo baadae inakatwakatwa kuwa protini 10, zinaanza kunakili kikaratasi kingine na kingine. Na unakilishaji wa virusi vingi vya RNA hauna mtu wa kusahihisha, makosa ya herufi yanaachwa hivohivo, ndo maana kirusi cha shamba la Mkuranga na kirusi cha kutoka Ukerewe ukivisoma herufi kwa herufi usishangae havilingani sawasawa. Batobato yenyewe inaletwa na virusi vya DNA, kwa hiyo hata upimaji wake ni tofauti, na kwa mtu wa maabara ni rahisi zaidi.

Nasema rahisi zaidi kwa sababu RNA haivumilii. DNA unaweza kuisahau mezani ukaenda kula ukarudi ukaikuta. RNA ina kitu kidogo tu cha ziada kwenye uti wake, oksijeni na hidrojeni iliyochomoza pembeni, na hicho ndo kinaifanya ijikate yenyewe mazingira yakibadilika kidogo. Alafu kuna adui mkubwa zaidi, enzaimu (protini zinazofanya kazi za kikemia) zinaitwa ribonyukliasi, kazi yake ni kula RNA, na ziko kwenye jasho lako, kwenye mate, kwenye vumbi, kwenye kitasa cha mlango. Unaweza kusema basi tuchemshe vyombo. Zile za aina ya A ukizichemsha zinafunguka, zikipoa zinajikunja upya zinarudi kazini kama hakuna kilichotokea. Tabia hiyohiyo ya kujikunja upya ndo ilimsaidia Mmarekani Christian Anfinsen kuonyesha kwamba umbo la protini limo tayari ndani ya mpangilio wa vipande vyake, akapata Nobel mwaka 1972. Kwake ilikuwa zawadi, kwetu ni adha ya kila siku.

Kwa hiyo ukitembelea maabara usione tuna majivuno. Benchi la RNA haliguswi na mtu asiye na glavu, ukishika simu unabadilisha glavu, ukijikuna unabadilisha, ukifungua friji kwa mkono huo unabadilisha, mwanafunzi wa field akija wiki ya kwanza simpi sampuli, namwacha ajifunze kukaa na mikono yake tu. Maji tunayatibu kwa kemikali usiku mzima ndo tunayaweka kwenye otoklevu, lile sufuria la mvuke wa presha, pipeti (vifaa vya kunyonya na kupima matone) za RNA ni za RNA tu, hazikopeshwi hata kama jirani anaomba kwa upole.

Siku ya kazi inaanza na naitrojeni ya maji, hii ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, unaimimina kwenye kinu kidogo cha kauri inafuka moshi, unatumbukiza jani linakakamaa kama kioo, unalitwanga haraka mpaka linakuwa unga laini wa kijani. Haraka, maana likiyeyuka tu zile enzaimu za jani lenyewe zinaamka. Kisha unaweka bufa ya moto, yaani maji yenye kemikali za kutolea RNA, na hapa muhogo una tabu yake, majani yake yana sukari ndefu nyingi, ukikosea kidogo tyubu nzima inavutika kama mlenda na humo huwezi kutoa kitu, na kuna kemikali nyingine za jani zinazogeuka kahawia zikikutana na hewa na kuing'ang'ania RNA. Waliozoea kupima majani laini ya mimea mingine wakija kwenye muhogo wanapata kazi. Tunaongeza klorofomu, tunazungusha kwenye sentrifuji, tunachukua maji ya juu kwa uangalifu, tunaigandisha RNA iliyomo, mwisho wa siku chini ya tyubu kuna kijidoa cheupe kama chembe ya unga wa sembe. Mimi mpaka leo nikikiona kile kijidoa nafurahi.

Kukiona haitoshi, lazima tujue kina herufi za kirusi au hazimo. Shida ni kwamba mashine ya PCR inanakili DNA, haijui RNA, kwa hiyo kwanza tunaigeuza RNA kuwa DNA kwa kutumia enzaimu ambayo Howard Temin na David Baltimore waligundua mwaka 1970 kila mmoja kwa upande wake, kwenye virusi vinavyosababisha uvimbe wa saratani kwa wanyama. Kabla yao wengi waliamini ujumbe unatoka DNA kwenda RNA tu na haurudi nyuma. Baada ya hapo PCR inakizidisha kipande cha hiyo DNA iliyotokana na kirusi mara mbili, mbili inakuwa nne, nne inakuwa nane, ukifika mizunguko 30 kipande kimoja kimekuwa zaidi ya bilioni, na enzaimu inayovumilia moto wote ule wa nyuzi 95 asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone kule Marekani. Kila mara tunaweka na tyubu moja yenye maji matupu. Tyubu ya maji ikionyesha kirusi maana yake kuna uchafu umeingia, na hapo tunatupa kila kitu tunaanza upya hata kama majibu mengine yanapendeza na mtu anapiga simu anayataka leo.

Niseme na hili maana watu wanatuuliza mbona majibu yanachelewa. Mwaka mmoja tulizunguka Lindi na Mtwara wiki tatu tunakusanya majani, wakulima walitupokea vizuri sana, kuna mama alituzungusha shamba lake lote juani akiwa na mtoto mgongoni, akasema mwanangu hakikisha unaniletea jibu. Tukarudi, sampuli zikaingia friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Jumamosi usiku umeme ukakatika, jenereta haikuwaka, mpaka tunafika Jumatatu asubuhi kila kitu kimeyeyuka. Nilijaribu kutoa RNA hivohivo. RNA nzima ukiipitisha kwenye jeli kwa umeme unaona mistari miwili mizito iliyosimama vizuri, mimi niliona ukungu tu kutoka juu mpaka chini, sampuli baada ya sampuli. Ilibidi tuombe fedha upya turudi, na msimu ulikuwa umepita, yule mama alikuwa ameshapanda pingili zake zilezile. Hilo bado linaniuma. Vitendanishi, yaani kemikali na enzaimu za vipimo, navyo vinatoka nje, vinakuja kwenye barafu kavu, vikikwama njiani siku kadhaa umepoteza hela, kwa hiyo nikisikia watu wanapanga bajeti ya maabara wanaweka mashine tu bila kuweka umeme wa uhakika na hela ya vitendanishi, naona tumejenga jiko bila kuni.

Ugonjwa wenyewe sio mgeni. Uliandikwa mara ya kwanza hapahapa kwetu, na mtafiti H. H. Storey, mwaka 1936, kwenye kituo cha utafiti cha Amani kule milima ya Usambara, Tanga. Kwa miaka mingi ulijulikana kama ugonjwa wa pwani na kandokando ya Ziwa Nyasa, nyanda za juu watu walijiona wako salama, mpaka mwaka 2004 ulipoonekana Uganda kwenye maeneo yenye mwinuko zaidi ya mita 1,000 na kuanzia hapo ukasambaa ukanda wa maziwa. Watafiti wa Amani enzi zile za mwanzo hawakuwa na PCR wala hawakujua ni kirusi cha namna gani, ila walichanganya muhogo na ndugu zake wa porini wakapata mbegu zinazohimili, moja ipo mpaka leo, huku kwetu inaitwa Namikonga na pwani ya Kenya wanaiita Kaleso, vipimo vya vinasaba vilipofanyika ikaonekana ni mmea uleule. Wakulima walikuwa wameitunza muda wote huo kwa majina mawili.

Na RNA hiyohiyo inaweza kuwa kinga. Mimea ina sungusungu wake, ikikuta RNA yenye nyuzi mbili zilizolala pamoja inajua huyu ni mgeni, inaikata vipande vidogo vya herufi 21 hadi 24, alafu inavitumia kama picha ya mwizi kumsaka kila anayefanana naye. Andrew Fire na Craig Mello walieleza namna hiyo mwaka 1998 wakitumia minyoo midogo, wakapata Nobel 2006. Kwa muhogo, watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani walitengeneza mmea uliopewa hiyo picha ya kirusi cha michirizi mapema kabla hakijafika, na mwezi Juni 2021 mamlaka ya usalama wa bayoteknolojia ya Kenya ikaidhinisha utoke kwenye majaribio yaliyofungwa. Najua mambo ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba maabara, yana mjadala mkali na kila nchi ina utaratibu wake. Mimi naona sayansi yake iko sawa, ila mkulima wa msimu huu haisubiri hiyo, anahitaji kujua kama pingili alizobeba begani ni safi au sio safi, na hilo tunaweza kumjibu sasa hivi.

Mnauliza pia kama muhogo wenye michirizi una madhara kwa mtu. Hiki ni kirusi cha mmea, hakimwingii binadamu wala mbuzi. Sehemu iliyooza kata utupe maana hailiki, iliyobaki pika, tatizo lako kubwa ni kilo ulizopoteza na soko, maana mnunuzi wa makopa akivunja mmoja akakuta kahawia anakurudishia mzigo wote.

Mkitaka kupimiwa leteni majani, msilete pingili, maana ukisafirisha pingili inayoumwa umeshasambaza kabla sisi hatujagusa kitu. Chuma kwenye miche tofauti na usichume jani moja tu la juu, chukua na ya chini, kirusi hakijigawi sawasawa ndani ya mmea na unaweza kukikosa. Funga kwenye gazeti kavu, sio mfuko wa plastiki uliokaa juani, andika jina la shamba na aina ya mbegu kama unaijua, na ufike siku hiyohiyo ukiweza, asubuhi, maana ikishafika saa nane mchana jani lililochumwa alfajiri limeshaanza kupoteza kile tunachokitafuta.